Mbawakawa wa Amani, kati ya msitu na shamba la iliki

Shamba la iliki alilotuachia marehemu baba liko upande wa juu wa kijiji chetu, katika Milima ya Usambara Mashariki wilayani Muheza, na mpaka wake wa magharibi ni msitu wenyewe. Kati ya shamba na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani kuna njia nyembamba iliyofyekwa, ambayo mtu huivuka kwa hatua tatu. Kwa miaka mingi niliiona njia hiyo kuwa mpaka wa wanadamu tu, alama ya kuonyesha panapoishia panga la mkulima na panapoanzia mamlaka ya bwana misitu. Niligundua kwamba ni mpaka wa viumbe wengine pia siku nilipoajiriwa kumsaidia mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu, aliyekuja na kibali cha kuchunguza mbawakawa na aliyehitaji mtu anayevijua vijia vya huku.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuifundishwa. Kikombe cha plastiki hufukiwa ardhini mpaka mdomo wake ulingane na uso wa udongo, hutiwa maji kidogo yenye sabuni, kisha hufunikwa kwa kipande cha bati kilichoinuliwa juu ya vijiti ili mvua isiingie lakini mdudu apite. Mdudu atembeaye usiku hufika ukingoni, huteleza, na sabuni humzuia kuelea. Tulipanga vikombe hivyo katika mistari: msituni, kwenye iliki yetu, pembezoni mwa chai, na kwenye shamba la mahindi lililo chini kidogo ya mteremko. Asubuhi ya kwanza nilihesabu walionaswa, nikaona kwamba vikombe vya shambani vilikuwa vimejaa kuliko vile vya msituni, nikamwambia yule kijana kwa furaha kwamba mashamba yetu yana mbawakawa wengi kuliko hifadhi. Hakunibishia. Alinipa kibano na sahani nyeupe akaniomba niwapange kwanza kwa sura zao, ndipo nihesabu. Wale wa shamba la mahindi wakawa mafungu machache makubwa, mengi yakiwa ya mdudu yule yule aliyerudiwa tena na tena. Wale wa msituni wakaijaza sahani kwa vijifungu vidogo, kimoja kikiwa na wadudu wawili, kingine kikiwa na mmoja peke yake. Tangu siku hiyo sijawahi tena kuuliza ni wangapi kabla ya kuuliza ni akina nani.

Inafaa nieleze ninaposema mbawakawa namaanisha nini, kwa sababu neno hili halijazoeleka vijijini. Watu wengi husema dundu kwa yule mkubwa arukaye kwa kishindo na kugonga taa, fukusi kwa yule mdogo mwenye pua ndefu atoboaye viazi, dumuzi kwa yule wa ghalani, na kimulimuli kwa yule mwenye mwanga, na waliobaki wote huitwa wadudu. Ukweli ni kwamba wote hao ni wa ukoo mmoja mkubwa. Kinachowaunganisha ni mabawa yao ya mbele, ambayo yamekuwa magumu kama ganda na hayatumiki kupiga hewa, bali huyafunika mabawa ya nyuma yaliyo membamba na yaliyokunjwa chini yake. Ganda hilo ndilo lililowawezesha kujipenyeza chini ya magome, ndani ya samadi, katikati ya majani yaliyooza na ndani ya punje ya mahindi bila mabawa yao kuchanika. Wataalamu wameshawapa majina spishi zipatazo 400,000, maana yake ni kwamba karibu mnyama mmoja kati ya kila wanne waliokwisha kuelezwa na sayansi ni mbawakawa.

Na hao ni wale waliokwisha kupewa majina. Mwaka 1982 mtaalamu wa wadudu wa Marekani, Terry Erwin, alichapisha hesabu iliyowashtua wengi: alikuwa amefukiza dawa katika matawi ya juu ya miti 19 ya aina moja tu huko Panama, akawakusanya walioanguka, akapata spishi za mbawakawa zinazokaribia 1,200. Kutokana na hesabu hiyo alikisia kwamba misitu ya tropiki huenda ina spishi milioni 30 za wadudu na jamaa zao. Waliomfuata wameipunguza sana takwimu hiyo, lakini hakuna aliyeweza kuirudisha dunia kwenye dhana ya zamani kwamba kazi ya kuwaorodhesha wadudu ilikuwa inakaribia kwisha.

Jambo jingine ambalo mkulima hulijua kwa macho ingawa hakulisoma ni kwamba mbawakawa huishi maisha mawili. Kutoka kwenye yai hutoka lava, yule funza mnene mweupe tunayemfukua katika samadi, ambaye baadaye huwa pupa na mwishoni huwa mdudu kamili. Lava na mdudu kamili mara nyingi hawali chakula kimoja wala hawakai mahali pamoja. Lava wa kimulimuli huwinda konokono katika majani yenye unyevu, ilhali mama yake humulika juu ya kichaka. Dundu wanaokuja kula matunda yaliyoiva shambani huenda walilelewa kwa miezi mingi ndani ya gogo bovu msituni. Kwa hiyo mtu akiliondoa gogo, atawakosa dundu hao shambani ingawa matunda bado yapo, na hatajua kwa nini.

Usambara Mashariki ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, mfululizo wa safu 13 zinazoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa kusini mwa Tanzania. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi umeitunza misitu hii kwa muda mrefu mno, hata katika vipindi ambavyo nchi za chini zilikauka, na kila safu imebaki kama kisiwa kilichozungukwa na nyika. Hapa Amani mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Katika hali hiyo ya utulivu, mbawakawa wengi wa ardhini na fukusi wadogo wa majani makavu waliacha kuruka. Mabawa yao ya nyuma yalidhoofika kizazi baada ya kizazi, na kwa baadhi yao yale maganda ya juu yameungana kabisa, hayafunguki tena. Mdudu wa namna hiyo hana namna ya kutoka Usambara kwenda Uluguru. Ndiyo maana watafiti Basilewsky na Leleup, waliotumwa Afrika Mashariki mwaka 1957 na taasisi ya utafiti iliyokuwa na makao yake Kongo, walipita mlima hata mlima wakikusanya wadudu: walijua kwamba kilichopatikana kwenye mlima mmoja hakitoshi kueleza mlima wa pili.

Sasa fikiri maana ya jambo hili kwa shamba. Ndege arukaye mbali akikuta msitu umekatizwa na shamba la mahindi la upana wa mita mia mbili, huruka akavuka. Mbawakawa asiye na mabawa, aliyezoea kivuli na udongo wenye unyevu, hukutana na ardhi tupu inayochomwa na jua la saa sita, na kwake huo ni ukuta. Mazungumzo ya kuunganisha vipande vya misitu, kama yale yaliyofanyika kuhusu ushoroba wa Derema kaskazini mwa Amani, ambapo wakulima walilipwa fidia ya mazao yao ili eneo lirudi kuwa msitu, kwa kawaida hutajwa kwa ajili ya ndege na maji. Nayaunga mkono kwa sababu hizo, ingawa najua fidia ile iliacha maumivu na maswali kwa familia nyingi. Lakini huwafikiria pia hawa wasioruka, ambao bila ukanda wa kivuli hawana njia nyingine yoyote.

Iliki ndiyo inayonifanya nisite kugawa nchi yetu katika mafungu mawili ya msitu na shamba. Mmea huu hupenda kivuli, hivyo baba na wenzake hawakukata miti yote. Walifyeka vichaka vya chini, wakapunguza baadhi ya miti ili mwanga upenye, wakapanda iliki chini ya miti mikubwa iliyobaki, pamoja na msambu na mingineyo. Ukisimama nje utadhani ni msitu. Vikombe vyetu vilionyesha kwamba si msitu, na pia kwamba si uwanja mtupu. Tuliwakuta humo mbawakawa wa ardhini weusi wenye miguu mirefu ambao tuliwakuta pia hifadhini, ila kwa uchache, wakichanganyika na wale wa mashambani. Waliokosekana ni wale wadogo kabisa, wa majani makavu yaliyorundikana na magogo yaliyooza polepole, kwa sababu mkulima mwangalifu wa iliki husafisha chini na kuni hubebwa kwenda nyumbani. Miti ilikuwapo, nyumba zao hazikuwapo.

Tatizo la iliki ni kwamba haidumu. Baada ya miaka kadhaa udongo huchoka, mavuno hushuka, na mkulima mwenye watoto wa kusomesha huona heri aitoe miti iliyobaki, apande migomba, miwa, mihogo au mahindi. Hapo ndipo mabadiliko makubwa hutokea, nami naamini kwamba hatua hii ya pili huumiza zaidi kuliko ile ya kwanza. Kuhusu chai sina mengi ya kusema: chini ya michai iliyosongamana pana kivuli lakini hapana mchanganyiko, na vikombe vya huko vilikuwa vya kwanza kumalizika kupangwa kila asubuhi.

Haki inanitaka niseme pia kwamba msitu wenyewe haukubaki kama ulivyoumbwa. Magogo yalivunwa kwa mashine hadi miaka ya 1980, na katika nafasi zilizoachwa umeenea mti wa Maesopsis eminii, ambao Waganda huuita musizi. Mti huo uliletwa Amani enzi za Wajerumani, waliokuwa na kituo chao cha utafiti wa kilimo hapa tangu mwaka 1902, na mbegu zake husambazwa na hondohondo. Majani yake huoza upesi, hivyo tabaka la majani chini yake huwa jembamba. Kwa mbawakawa wa majani makavu, msitu wa musizi na msitu wa mtambara, mti wa asili wa huku, ni nchi mbili tofauti, ingawa kwenye ramani zote zimepakwa rangi moja ya kijani.

Kundi ninalolipenda kuliko yote ni wale wanaoshughulika na kinyesi. Watoto hucheka wanapomwona akikisukuma kidonge kwa miguu ya nyuma, kichwa chini, lakini kazi yake ni nzito. Mwaka 1974 watafiti Anderson na Coe walichapisha taarifa kutoka Tsavo, Kenya, ambako rundo la kinyesi cha tembo lenye kilo moja na nusu liliwavutia mbawakawa 16,000, na katika saa mbili lilikuwa limeliwa, limefukiwa na kuviringishwa likaisha. Huko ni nyikani, penye wanyama wakubwa. Msituni kazi hiyo hufanyika kwa unyenyekevu zaidi: nyani na kima hula matunda, mbegu huanguka pamoja na kinyesi, na mbawakawa hukifukia kinyesi pamoja na mbegu. Katika msitu wa Kibale nchini Uganda ilionyeshwa mwaka 1998 kwamba mbegu zilizofukiwa hivyo huwaponyoka panya, ambao wangezila zikibaki juu. Kwa hiyo msitu ukipoteza nyani na kima wake, mbawakawa hawa hupungua, na wakipungua, miti nayo hukosa mpanzi wake wa pili.

Kwetu shambani hali ni ya pekee, kwa kuwa ng'ombe wa maziwa hufugwa ndani na kulishwa majani ya kukatwa. Samadi haidondoki malishoni, hukusanywa penye lundo moja. Tukitega kikombe chenye kinyesi kidogo kama chambo, wanaokuja shambani ni wale wa nchi wazi wenye kuruka mbali, na wanaokuja hatua ishirini ndani ya msitu ni wengine kabisa. Hilo lilinishangaza zaidi ya yote, kwa sababu harufu haijui mpaka. Mdudu wa msituni huinusa, lakini hatoki kivulini kuifuata. Australia iliwahi kujifunza kwa gharama thamani ya wadudu hawa: ng'ombe walipopelekwa huko, mbawakawa wa asili waliozoea vidonge vikavu vya kangaruu hawakukiweza kinyesi cha ng'ombe, nzi wakazidi, na kuanzia miaka ya 1960 mtaalamu George Bornemissza akaongoza kazi ya kuwaagiza mbawakawa kutoka nje, wengi wao wakitoka Afrika. Wakati huo huo, sisi tulio nao bure tunawapa mifugo dawa za minyoo za jamii ya ivamektini bila kujua kwamba mabaki yake hutoka na kinyesi na kuwaua lava. Sisemi ng'ombe wasitibiwe. Nasema mfugaji aambiwe, ili samadi ya siku za baada ya dawa aiweke kando.

Jirani zangu huniuliza, na wana haki ya kuuliza, kama mbawakawa hawa ninaowasifia si ndio wanaotumaliza. Jibu langu huanzia kwa dumuzi. Mdudu huyu alitoka Amerika ya Kati, akaonekana mkoani Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na katika miaka michache alikuwa amegeuza magunia ya mahindi na makopa ya muhogo kuwa unga katika sehemu kubwa ya nchi. Ukoo wake ni ukoo wa watoboa miti, na mpaka leo anaweza kuishi katika miti iliyokauka. Nchini Kenya alinaswa porini, mbali na ghala lolote. Yaani ni mdudu wa miti aliyegundua kwamba ghala letu ni gogo lililojaa chakula. Na aliyetafutwa kumkabili alikuwa mbawakawa mwenzake, Teretrius nigrescens, mwindaji mdogo mweusi kutoka huko huko alikotoka dumuzi, aliyefunguliwa Togo mwaka 1991 na Kenya mwaka 1992. Mafanikio yake hayakulingana kila mahali, lakini wazo lilikuwa sahihi: dumuzi alikuja peke yake, maadui wake wakabaki nyumbani.

Fukusi wa migomba ni kisa kingine. Lava wake hutoboa tunguu la mgomba mpaka mti unaanguka ukiwa na mkungu, na hakuna mkulima wa huku asiyemjua. Lakini katika mashina hayo hayo yanayooza wamo mbawakawa wengine, wembamba, wenye maganda mafupi yasiyofunika mgongo, ambao huwinda mayai na lava wadogo. Mtu akimwaga sumu kuzunguka shina huwaua wote, na anayerudi wa kwanza huwa yule mwenye chakula kingi, yaani fukusi. Vivyo hivyo kwa wale wadudu wa mviringo wenye mgongo mwekundu na madoa meusi, ambao vijana wengi huwapulizia dawa pamoja na vidukari wanaowala.

Kwa hiyo nimebadilisha mambo machache shambani. Ukingo wa kila tuta una majani ya guatemala, ambayo kwetu Usambara hupandwa kuzuia mmomonyoko, nami siyakati yote kwa siku moja, ili mbawakawa wa ardhini wawe na pa kujificha mchana. Uingereza wakulima huinua matuta ya nyasi katikati ya ngano kwa kusudi hilo hilo. Matawi makubwa yanayoanguka siyabebi yote kuwa kuni. Mengine nayasogeza kando ya ule mpaka yaoze. Hapo pana tahadhari ambayo lazima niitaje, kwa kuwa nina ndugu walioko chini, upande wa Pangani: magogo ya minazi iliyokufa yasiachwe kamwe, kwa maana ndimo anamolelewa chonga, yule mwenye pembe kama kifaru, ambaye akikomaa hutoboa moyo wa mnazi mchanga. Gogo la msambu hapa juu na gogo la mnazi kule pwani si kitu kimoja.

Masika iliyopita nililibandua gome la tawi moja ambalo nililiacha likioza kwa misimu minne, hatua saba ndani ya shamba letu. Chini yake, pamoja na jongoo na kinyesi laini cha mchwa, alikuwapo fukusi mdogo wa kahawia, mwenye mgongo wa vinundu, aliyekunja miguu akajifanya mfu kama ilivyo desturi yao. Nilimtazama kwa lenzi nikauona mstari ambapo maganda yake mawili yameungana. Miaka ile ya vikombe tulikuwa tukimpata upande wa pili wa njia tu. Nililirudisha gome mahali pake.

Vuli ijayo nitafukia vikombe kuanzia kwenye tawi hilo, kushuka hadi kwa jirani aliyekwisha kutoa miti yake yote na kupanda migomba. Nilikwenda kumwomba ruhusa jioni, nikampa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakubali kwa sharti moja: kila asubuhi nikishapanga wadudu kwenye sahani, nimwite, nimwonyeshe kwa kidole yupi ni fukusi na yupi ni mla fukusi, kabla hajaenda mjini kununua dawa.